Kung'oa jino au kutibu mzizi wake: mambo ya kupima kabla ya kuamua

"Shikamoo, daktari. Ling'oe tu, nimechoka." Hivyo ndivyo anavyosema kijana ambaye hajalala usiku kucha kwa sababu ya gego, na mara nyingi husema hivyo kabla hata ya kufungua kinywa. Daktari mzuri humjibu, "Marahaba, mwanangu. Maumivu nitayaondoa leo hii, lakini jino lenyewe tulitazame kwanza." Jibu hilo lina ukweli ambao wagonjwa wengi hawajawahi kuambiwa: maumivu ya leo yanaweza kumalizwa leo kwa njia zote mbili. Jino likifunguliwa na nyama iliyovimba ndani yake ikatolewa, mgonjwa hulala. Jino liking'olewa, mgonjwa hulala vile vile. Kwa hiyo maumivu, ambayo ndiyo yanayomleta mtu hospitalini, si kigezo kizuri cha kuchagua kati ya kung'oa na kutibu mzizi.

Makala haya yanawahusu walio katika njia panda hiyo. Tatizo si dogo, kwa kuwa ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa watu bilioni 2 hivi duniani wana meno ya ukubwani yaliyooza bila kutibiwa.

Jino linalozungumziwa hapa

Jino lina gamba gumu la nje liitwalo enameli, chini yake kuna dentini, na katikati kabisa kuna kiini, yaani nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, ambayo hushuka hadi ncha ya mzizi. Uozo ukiwa bado kwenye enameli au dentini, mtu huhisi ukakasi mfupi anapokunywa maji baridi au kula kitu kitamu, na ukakasi huo hupotea mara tu kitu hicho kinapoondoka. Jino la namna hiyo halihitaji lolote kati ya matibabu haya mawili, bali linahitaji kuzibwa. Wala kuziba si lazima kungoje mashine na umeme: katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, ilibuniwa njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa saruji maalumu inayotoa floraidi, na tangu hapo njia hiyo imeenea katika nchi nyingi zenye uhaba wa kliniki za meno. Natamani kila anayehisi ukakasi wa kwanza angeifahamu, kwa sababu jino linalozibwa mapema halifiki kwenye uamuzi tunaoujadili.

Uozo ukikifikia kiini, dalili hubadilika. Chai ya moto huacha maumivu yanayodumu dakika nyingi, jino huamsha mtu usiku bila kuguswa, au huuma linapogongana na la upande wa pili. Baadaye kiini hufa, maumivu hutulia kwa siku au wiki kadhaa, na mgonjwa hudhani amepona. Kisha fizi huvimba au huota kipele kidogo kinachotoa usaha mara kwa mara. Hapo ndipo njia zinabaki mbili.

Wengi huamini kuwa ipo njia ya tatu, nayo ni vidonge vya antibiotiki kutoka duka la dawa. Si njia. Dawa husafiri ndani ya damu, na kiini kilichokufa hakina damu tena, hivyo dawa haiwezi kuingia mahali wadudu walipo. Uvimbe wa nje unaweza kupungua, lakini chanzo kinabaki ndani ya jino na uvimbe hurudi. Antibiotiki zina nafasi pale maambukizi yanaposambaa usoni au yanapoleta homa, na hata hapo ni msaada tu wa matibabu yenyewe. Karafuu, kwa upande wake, hutuliza kweli, kwa kuwa mafuta yake yana eujenoli ambayo madaktari wa meno nao huitumia. Hata hivyo haiponyi jino. Maji ya betri na vidonge vya aspirini vinavyosagwa na kupakwa kwenye fizi huunguza nyama na kuongeza kidonda juu ya ugonjwa.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza, na kwa maoni yangu chenye uzito kuliko vyote, ni kiasi cha jino kilichosalia juu ya fizi. Jino lililotibiwa mzizi hujengwa upya kwa kutegemea kuta zake, na kofia inayolifunika huhitaji ukingo wa jino lisilooza wa kama milimita 2 kulizunguka ili ishike. Jino lililooza hadi chini ya fizi, au lililopasuka wima hadi kwenye mzizi, haliwezi kuokolewa hata na fundi hodari.

Cha pili ni mahali jino lilipo na kazi linayofanya. Jino la mbele, chonge na gego la kwanza vina thamani kubwa kwa sura, usemi na utafunaji, ilhali gego la mwisho kabisa mara nyingi halina hata mwenzake wa kusagana naye. Cha tatu ni hali ya mfupa na fizi: jino linalocheza kwa sababu mfupa wake umeliwa na ugonjwa wa fizi halitaacha kucheza kwa kutibiwa mzizi. Cha nne ni afya ya mgonjwa mwenyewe, na kigezo hiki kinaweza kuugeuza uamuzi wote, kama tutakavyoona.

Cha tano ni fedha na muda, lakini vipimwe hadi mwisho wa safari, si hadi mwisho wa maumivu. Cha sita ni mtaalamu na vifaa vilivyopo, kwa sababu kutibu mzizi wa gego bila picha ya eksirei ni kufanya kazi gizani.

Kutibu mzizi

Hufanywaje. Baada ya sindano ya ganzi, daktari hufunika eneo kwa kipande cha mpira chembamba kinachoacha jino moja tu likitokeza, ili mate yenye wadudu yasiingie ndani ya jino na dawa isishuke kooni. Hutoboa upande wa kutafunia hadi afike kwenye kiini, kisha hutafuta midomo ya mifereji inayoshuka ndani ya mizizi. Jino la mbele huwa na mfereji mmoja, gego la chini kwa kawaida huwa na mifereji mitatu ndani ya mizizi miwili, na gego la juu lina mizizi mitatu ambayo mara nyingi huficha mfereji wa nne. Kila mfereji hupimwa urefu, husafishwa kwa faili nyembamba zinazoongezwa unene hatua kwa hatua, na huoshwa kwa dawa ya klorini inayoyeyusha mabaki ya nyama. Mifereji ikishakauka hujazwa gataperka, utomvu wa mti wa Asia ya Kusini Mashariki ambao hulainika kwa joto na kuganda ukipoa. Mwisho jino huzibwa juu, na likiwa gego huvishwa kofia.

Maumivu na siku zinazofuata. Sifa mbaya ya matibabu haya imetokana zaidi na maumivu yanayoyatangulia kuliko matibabu yenyewe. Ni kweli kwamba gego la chini lililo katika kilele cha uvimbe linaweza kukataa ganzi ya kwanza na kuhitaji ya pili. Mgonjwa asione aibu kuinua mkono na kusema bado anasikia. Baada ya hapo jino huuma kidogo linapotafunia kwa siku chache, na dawa ya kawaida ya maumivu hutosha.

Muda na gharama. Matibabu huchukua safari moja hadi tatu, na kila moja inaweza kufika saa moja au zaidi. Gharama yake ni mara kadhaa ya kung'oa, na kofia huweza kugharimu sawa na matibabu yenyewe au kuzidi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndipo meno mengi yanapopotelea: mgonjwa hulipia hatua ya kwanza, maumivu yanaisha, shughuli za nyumbani zinamshika, na hakanyagi tena kliniki. Dawa ya muda iliyozibwa juu ya jino imekusudiwa kukaa wiki chache. Ikivuja, wadudu hurudi ndani ya mifereji iliyokwisha kusafishwa. Gego lisilo na kofia nalo, likiwa limebaki na kuta nyembamba, hupasuka siku moja likikutana na mfupa wa kuku au punje ngumu ya mahindi, na mara nyingi hupasuka mahali pasipoweza kuungwa. Kutibu mzizi nusu ni kulipa gharama za njia zote mbili na kubaki na pengo.

Hatari. Faili inaweza kukatikia ndani ya mfereji, mfereji mmoja unaweza kuachwa bila kuonekana, au ukuta wa mzizi kutobolewa. Daktari muungwana humweleza mgonjwa yakitokea, na baadhi yake hurekebishika. Kwa ujumla matokeo ni mazuri: tafiti zilizofuatilia meno yaliyotibiwa kikamilifu zimeonyesha kuwa takribani 9 kati ya 10 bado yamo kinywani baada ya miaka kadhaa.

Humfaa nani. Humfaa mwenye jino lenye kuta za kutosha na mfupa mzuri, hasa la mbele au gego la kwanza, ambaye anaweza kurudi mpaka kazi iishe, na ambaye anasafisha kinywa chake. Humfaa zaidi mtu ambaye afya yake inafanya kung'oa kuwa jambo la hatari.

Kung'oa

Hufanywaje. Watu husema jino "linavutwa", lakini kazi halisi ni kupanua tundu. Ganzi ikishika, daktari huingiza kifaa chembamba kati ya jino na mfupa ili kukata nyuzi zinazolishikilia, kisha hulishika kwa koleo na kulisukuma taratibu huku na huku mpaka mfupa uliolizunguka utanuke na jino liachie. Ganzi huua maumivu, lakini haiui hisia ya kusukumwa. Mgonjwa atahisi taya ikibanwa, na anaweza kusikia mlio wa kukatika ambao husikika kwa nguvu kwa sababu unapitia mfupani hadi sikioni. Asiyeambiwa mapema hudhani ganzi imeshindwa, akashtuka na kumshika daktari mkono. Kipimo ni rahisi: kubanwa ni kawaida, lakini ukali kama wa kuchomwa si kawaida, na ganzi iongezwe.

Jino lililokatika hadi kwenye fizi, lenye mizizi iliyopinda, au gego la mwisho lililolala ndani ya taya huhitaji upasuaji mdogo. Fizi hufunuliwa, mfupa kidogo hupunguzwa, jino hukatwa vipande, na kidonda hushonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe au zinazotolewa baada ya wiki moja hivi. Karibu kazi hii yote hufanyika kwa ganzi ya kawaida. Nusukaputi huachiwa watoto wadogo sana, hali ngumu, na wale ambao ganzi peke yake haiwatoshi.

Maumivu na siku zinazofuata. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nusu ya matokeo mazuri ya kung'oa iko mikononi mwa mgonjwa. Pamba aliyopewa aing'ate kwa nguvu kwa dakika 30 hadi 60 bila kuitoa kila mara kuchungulia, maana kila anapoitoa anabomoa bonge la damu linalojaribu kuganda. Bonge hilo ndilo dawa ya kidonda, kwani hufunika mfupa na kuwa msingi wa nyama mpya. Ndiyo maana kwa saa 24 za kwanza mgonjwa hasukutui, hatemi mate kwa nguvu, hanywi kwa mrija, havuti sigara wala hanywi pombe. Mate yenye wekundu mwepesi siku ya kwanza yasimtishe, lakini damu inayojaza kinywa imrudishe hospitali, akiwa amekwisha kung'ata pamba safi na kukaa wima. Asile huku mdomo ukiwa na ganzi, maana atajing'ata bila kujua, na watoto waangaliwe zaidi kwa hilo. Kuanzia siku ya pili asukutue taratibu maji ya uvuguvugu yenye chumvi nusu kijiko cha chai kwa glasi, hasa baada ya kula, huku akiendelea kupiga mswaki meno mengine.

Kwa maumivu, mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa hizo wala ujauzito anaweza kutumia ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli gramu 1, na mchanganyiko huo hutuliza maumivu ya meno vizuri sana. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa siku. Maumivu ya kawaida hupungua kila siku. Yakipungua kisha yakarudi kwa ukali siku ya tatu hivi, yakapanda hadi sikioni na kuleta harufu mbaya kinywani, huenda bonge la damu limetoka na mfupa umebaki wazi. Hali hiyo huitwa tundu kavu. Huwapata zaidi waliong'olewa magego ya chini na wavutaji sigara, na tiba yake ni kuoshwa tundu na kuwekewa dawa ya kutuliza, mara nyingi yenye eujenoli ile ile ya karafuu, badala ya kumeza antibiotiki nyumbani. Baada ya upasuaji, uvimbe wa shavu huweza kuongezeka hadi siku ya pili au ya tatu kabla ya kushuka.

Muda na gharama. Safari moja, mara nyingi chini ya saa moja, na huduma hii hupatikana hata katika hospitali nyingi za wilaya ambako tabibu wa meno ndiye mtaalamu pekee. Hii ni faida ya kweli na haipaswi kudharauliwa. Gharama iliyofichika ni ya pengo. Meno ya jirani huanza kuinama kuelekea pengo, jino la upande wa pili hushuka au kupanda likitafuta mwenzake, na mfupa wa mahali pale husinyaa: ndani ya mwaka mmoja upana wake huweza kupungua karibu nusu.

Anayetaka kuliziba pengo ana njia tatu. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua ni nafuu na hayagusi meno mengine sana, ila huhitaji uvumilivu wa kuyazoea. Daraja hushikiliwa na meno ya jirani, ambayo lazima yachongwe hata kama yalikuwa mazima. Kipandikizi ni skrubu ya titani inayowekwa ndani ya mfupa na kuachwa miezi kadhaa ishikamane nao. Hakigusi jirani, lakini ndicho ghali kuliko vyote na huhitaji mfupa wa kutosha. Hata hivyo si kila pengo linadai kuzibwa. Utafiti uliofanywa miongoni mwa watu wazima wa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kuwa waliopoteza baadhi ya magego, lakini wakabaki na magego madogo (yale yanayofuata chonge) yaliyo kamili na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayosagana, walitafuna vya kutosha. Kwa mzee aliyebakiwa na meno 20 yenye afya, gego moja la nyuma likiondoka si msiba.

Hatari. Mzizi unaweza kukatika, jambo la kawaida ambalo daktari hulimaliza papo hapo au kwa kumpa mgonjwa rufaa. Mizizi ya magego ya juu iko jirani na uwazi wa pua ulio ndani ya mfupa wa shavu, na tundu likifunguka huko mgonjwa huambiwa asipenge kamasi kwa siku kadhaa. Gego la mwisho la chini liko jirani na mshipa wa fahamu wa mdomo, na ganzi ya mdomo inaweza kudumu wiki au miezi, mara chache sana daima. Daktari aseme haya kabla ya kuanza. Lile la kwamba kung'oa jino la juu hupofusha macho halina msingi wowote: mishipa ya fahamu ya meno siyo mishipa ya kuonea. Vile vile si kweli kwamba jino lililovimba halipaswi kuguswa mpaka uvimbe uishe kwa vidonge, kwani mara nyingi kuondoa chanzo na kutoa usaha mapema ndiko kunakoushusha uvimbe wenyewe.

Humfaa nani. Humfaa mwenye jino lisiloweza kujengwa upya, lililolegea kwa kuishiwa mfupa, lililopasuka hadi mzizini, au gego la mwisho linaloleta uvimbe wa mara kwa mara. Humfaa pia ambaye kwa dhati hawezi kukamilisha matibabu marefu, na uamuzi wake huo uheshimiwe bila kumfanya ajione mjinga.

Afya inapogeuza uamuzi

Kabla ya sindano yoyote, mgonjwa ataje magonjwa yake na dawa zake zote, hata zile anazodhani hazihusiani na meno. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiziache kwa hiari yake, kwa kuwa hatari ya kiharusi ni kubwa kuliko ya tundu linalovuja damu. Kwa warfarini, miongozo ya Uingereza huruhusu kung'oa ikiwa kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, kiko chini ya 4. Mwenye kisukari apimwe sukari na aje akiwa amekula na kumeza dawa zake. Mwenye vali ya bandia ya moyo huhitaji dozi ya antibiotiki kabla ya kung'olewa. Mwenye sikoseli aseme, ili apangiwe mazingira yanayofaa. Anayeishi na VVU na kutumia dawa zake vizuri hutibiwa kama mgonjwa mwingine yeyote. Mjamzito anaweza kutibiwa kwa njia zote mbili, na miezi mitatu ya katikati ndiyo yenye nafuu zaidi kwake. Maambukizi makali hayangoji mwezi.

Wapo watu ambao mizani huinamia kutibu mzizi hata kwa jino ambalo kwa wengine lingeng'olewa. Hao ni waliopigwa mionzi ya saratani kwenye taya, wanaochomwa au kumeza dawa za kuimarisha mifupa kama zoledroneti na alendroneti, na wenye hemofilia. Kwa makundi mawili ya kwanza tundu la jino linaweza kukataa kupona na mfupa ukafa, na kwa la tatu damu inaweza isikome bila maandalizi maalumu. Mtu wa namna hiyo asikubali kung'olewa kwa haraka mahali asipojulikana historia yake.

Mtoto naye ana hesabu yake. Gego la kwanza la ukubwani huota kwenye umri wa miaka 6 nyuma ya meno ya maziwa bila jino lolote kutangulia kutoka, na wazazi wengi hulidhani ni la maziwa wakaliacha lioze au wakataka ling'olewe "litaota jingine". Halioti jingine. Ama yale yanayoitwa meno ya plastiki, ambayo baadhi ya waganga huwang'oa watoto wachanga wakidai yanaleta homa na kuhara, hayo ni vichipukizi vya meno ya kawaida, na kuyachokoa kumewasababishia watoto kuvuja damu, maambukizi na hata vifo.

Kwa hali yako

Ikiwa jino lako ni la mbele au gego la kwanza, lina kuta nzuri, na unaweza kupata fedha za hatua zote pamoja na kofia, anza na kutibu mzizi. Mwambie daktari akuandikie gharama nzima kabla ya kuanza, na uulize kama atatumia eksirei na kifuniko cha mpira. Kama una bima, uliza kwa maandishi iwapo inalipia kutibu mzizi na kofia au kung'oa pekee.

Ikiwa fedha hazitoshi leo lakini jino ni zuri, omba lifunguliwe, lisafishwe na kuwekewa dawa ya muda ili maumivu yaishe, kisha mpange tarehe ya karibu ya kumalizia. Uliza pia kuhusu kliniki za vyuo, kama ile ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili au ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako wanafunzi hutibu chini ya usimamizi wa walimu wao. Muda huwa mrefu kidogo, lakini kazi hukaguliwa hatua kwa hatua. Ikiwa unajua hutaweza kurudi kwa sababu ya umbali au kazi, jino lililong'olewa vizuri siku moja ni afadhali kuliko lililoachwa wazi miezi sita.

Ikiwa limebaki gofu chini ya fizi au linacheza, ling'olewe, na siku hiyo hiyo uliza juu ya pengo, kwa sababu anayetaka kipandikizi hupangiwa mapema kabla mfupa haujasinyaa. Ikiwa ni gego la mwisho lililolala na limekuvimbia zaidi ya mara moja, ling'olewe na mtu mwenye uzoefu wa upasuaji wa kinywa. Ikiwa halijawahi kukusumbua na halina uozo, hakuna haraka. Na ikiwa madaktari wawili wamekupa majibu tofauti, mwombe kila mmoja akuonyeshe kwenye eksirei sababu ya jibu lake, ni haki yako kuiona.

Hali moja haimo katika ulinganisho huu. Uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, kinywa kikashindwa kufunguka, ulimi ukainuliwa, mate yakawa magumu kumezwa, pumzi ikabana au homa kali ikapanda, mgonjwa apelekwe usiku huo huo katika hospitali kubwa yenye chumba cha upasuaji, maana uvimbe wa namna hiyo unaweza kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache. Huko pumzi yake italindwa kwanza, usaha utatolewa, na habari ya jino itaamuliwa baadaye.